Gu' Inapochanua Garissa

Mtoto wa Garissa anayesoma kitabu cha hadithi kilichochapwa London hukutana mapema na majira ya machipuko. Theluji inayeyuka, ndege wanarudi, watoto wanaingia msituni kuchuma maua. Anayakariri kama anavyokariri mito ya Ulaya, kisha anatoka darasani na kupokewa na joto la nyuzi 37. Hakuna theluji ya kuyeyuka. Lakini nyumbani kwao, kwa Kisomali, kuna neno fupi kuliko lile la kitabuni: gu'.

Gu' ni mvua za Aprili hadi Juni, zile ambazo mtu wa Pwani huziita masika. Hutanguliwa na jilaal, kiangazi kikali cha mwanzo wa mwaka kinachokausha visima na kukondesha hata ngamia, na hufuatwa na xagaa yenye upepo; mwishoni mwa mwaka huja deyr, mvua fupi. Katika misimu hiyo minne, gu' ndiyo mama. Neno hilo hilo hutumika kuhesabu umri: mtu ana gu' kadhaa, yaani amevuka jilaal kadhaa akafika kwenye mvua. Watu wanaohesabu maisha yao kwa mvua hawana haja ya kuelezwa msimu wa maua ni nini. Wenye haja hiyo ni Wakenya wa upande wa pili wa daraja la Tana.

Kwa wasomaji wengi wa magazeti, Kaskazini Mashariki ina sura mbili tu. Ya kwanza ni ukame. Desemba 2021, picha iliyopigwa kutoka angani katika hifadhi ya jamii ya Sabuli, kaunti ya Wajir, ilionyesha twiga sita waliokufa wakiwa wamelala pamoja juu ya udongo mtupu. Ilizunguka dunia nzima. Sura ya pili ni mafuriko: Tana ikivunja kingo na kukata barabara ya Nairobi pale Madogo, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2023 na tena Aprili 2024. Ongeza shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015, ambalo halihitaji kusimuliwa upya hapa, na albamu nzima imekwisha.

Picha hizo zote ni za kweli. Ila kati ya ukame na mafuriko kuna wiki mbili tatu ambazo hakuna mhariri anayemtuma mpiga picha. Machi 2023, baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua kushindwa na mifugo zaidi ya milioni mbili kufa katika maeneo kame ya Kenya, mvua zilianza kurudi. Nchi ikaota kijani. Waliokuwapo waliona. Hakuna picha ya maua iliyopata hata robo ya mwendo wa ile ya twiga.

Anayetaka kuona anachokosa aanze na ua lisilo na jani. Siku chache baada ya mvua kubwa ya kwanza, udongo hupasuka na kikonyo kinene kikachomoza kikiwa na kichwa cha maua ya waridi, kana kwamba mtu amechomeka shada la harusi mchangani akaenda zake. Majani hufuata baadaye, yakilala chini kwa kulia na kushoto. Tunguu lenyewe limezikwa ndani, kubwa, likisubiri kwa miezi bila kumwambia mtu. Wataalamu huliita Ammocharis tinneana, kwa heshima ya Alexandrine Tinne, tajiri wa Kiholanzi aliyesafiri sehemu za juu za mto Nile katika miaka ya 1860. Safari hiyo ilimgharimu mama yake, aliyefia njiani. Mimea aliyoikusanya ilipelekwa Vienna na kuchapishwa katika kitabu cha fahari mwaka 1867. Miaka miwili baadaye mwenyewe akauawa Sahara. Ua linalokanyagwa na mbuzi kando ya laga lina historia ndefu kuliko ya majengo mengi ya serikali mjini.

Na okidi je? Ukilitaja neno hilo Nairobi, watu hufikiria maua meupe yaliyopangwa mezani kwenye mapokezi ya hoteli, au msitu wa Kakamega wenye miti iliyofunikwa kuvu na mimea ya kila namna. Hawakosei sana. Kenya ina zaidi ya spishi 250 za okidi, na nyingi zimejaa nyanda za juu zenye ukungu. Nchi kavu zimepewa chache. Lakini hizo chache ni mahodari, na kuzifurahia kunahitaji jicho la mfugaji: jicho linalojua kwamba kitu kinachoonekana kimekufa huenda kimenyamaza tu.

Mfano ni Eulophia petersii. Majani yake ni manene, magumu, yenye kingo zinazokwaruza kidole. Hupenda kuota chini ya vichaka, mara nyingi karibu na mkonge mwitu, na mtu anaweza kuipita miaka kumi akidhani ni mkonge huo huo. Huweka akiba ya maji kwenye mashina mafupi yaliyovimba, yaliyosongamana juu ya udongo. Halafu msimu ukikubali, hupandisha kikonyo kirefu kumpita mtu mzima, na juu huko hufungua maua ya kijani kilichochanganyika na kahawia, petali zimejikunja nyuma kama masikio ya mbuzi, mdomo mweupe wenye mistari ya zambarau. Makao yake yanaanzia Bara Arabu, yanapita Pembe ya Afrika na nchi kavu za Kenya, hadi kusini mwa bara. Ni ramani inayokaribiana zaidi na ile ya ngamia na mbuzi kuliko ya okidi za hotelini.

Aliyeipa jina hakuwahi kuiona ikiwa hai katika makao yake ya asili. Heinrich Gustav Reichenbach, profesa wa Hamburg, alikuwa mfalme wa okidi wa karne ya 19. Mimea iliyokaushwa ilimfikia kwa meli kutoka kila bahari. Alipofariki mwaka 1889, wosia wake uliagiza makusanyo yake yaende Vienna na yafungwe kwa miaka 25, na wengi waliona nia ilikuwa kuwakomoa wenzake wa bustani ya mimea ya Kew, London. Okidi zina tabia ya kuwatia watu wazima wivu wa kitoto.

Ukiteremka kusini, kupita Masalani kuelekea Hulugho, nchi inabadilika. Mvua inaongezeka, vichaka vinakuwa virefu, na upepo unaanza kunusa bahari. Hapo ndipo msitu wa Boni, ambao sehemu yake ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1976, kilomita za mraba 1,339 ndani ya kaunti ya Garissa. Ni kipande cha kaskazini cha misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, mojawapo ya maeneo yenye viumbe wengi wasiopatikana kwingine duniani. Kamera zilizotegwa humo zilinasa sange mkubwa ambaye sayansi haikuwa imemwandika. Picha zake zilitangazwa mwaka 2010, na mwaka 2018 akapewa jina la Mandela. Ikiwa mnyama anayepita sakafu ya msitu kila siku ameweza kukosa kuandikwa mpaka juzi, msomaji na akisie hali ya ua linalofunguka juu ya tawi kwa wiki mbili.

Katika misitu ya namna hii ya pwani na kando ya mito, okidi hukaa juu. Okidi-chui, Ansellia africana, hushika matawi ya miti na kujenga kapu la mizizi myeupe iliyochongoka kuelekea angani. Majani makavu yanayodondoka kutoka juu hunaswa humo, yanaoza, na mmea unakula mbolea uliyojitegea wenyewe. Maua yake ni ya njano yenye madoadoa ya kahawia, mengi kwa mkupuo, na hapo ndipo jina la chui lilipotoka. Microcoelia exilis, kwa upande wake, haina majani kabisa. Ni fundo la mizizi ya kijani kwenye kitawi, na mizizi hiyo ndiyo inayofanya kazi ya jani ya kuvuna mwanga. Maua yake ni madogo kama vichwa vya pini, meupe, na mtu asiyeinama hataamini kwamba hiyo nayo ni okidi.

Kisha kuna ile ambayo pengine ingefaa kuwa ua la heshima la pwani yote: Vanilla roscheri. Ndiyo, vanila, ndugu wa karibu wa ile inayotiwa kwenye keki na aisikrimu. Nayo haina majani. Hujizungusha vichakani kama mpira wa kumwagilia bustani ulioachwa na mtu mvivu, wa kijani, mnene, usio na mvuto wowote. Halafu mvua inanyesha, na mpira huo unafungua maua makubwa meupe yenye koo la rangi ya matumbawe na harufu tamu. Ua moja la vanila halikai. Lililofunguka alfajiri limenyauka kabla siku haijaisha. Aliyechelewa na asubiri la kesho, kama lipo.

Wenyeji wa msitu huo ni Waaweer, ambao wengine huwaita Waboni, watu walioishi kwa kuwinda, kurina asali na kuokota matunda ya mwitu kabla ya uwindaji kupigwa marufuku. Tangu Septemba 2015 Boni imekuwa uwanja wa operesheni ya usalama dhidi ya al-Shabaab. Mtaalamu wa mimea hawezi kuingia na shajara yake kama anavyoingia Kakamega. Kwa hiyo kila gu' okidi za Boni huchanua mbele ya Waaweer wachache, askari walio zamu, nyuki na nondo.

Si mara ya kwanza kwa eneo hili kufungiwa nje ya macho. Serikali ya kikoloni ililitangaza kuwa wilaya iliyofungwa mwaka 1926. Aliyetaka kuingia au kutoka alihitaji kibali. Baada ya uhuru ikaja hali ya hatari, iliyodumu kwa namna moja au nyingine hadi 1991. Kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki, kilichoanza kutolewa mwaka 1952 na kukamilika 2012 kikiwa na spishi zaidi ya 12,000, kinaigawa Kenya katika kanda saba, na ile ya Mpaka wa Kaskazini ni K1. Herufi moja na tarakimu moja kwa nchi ambayo mtu huvuka kwa siku nyingi. Walikuwapo waliokwenda, na tuwape haki yao: Jan Gillett, aliyewahi kuongoza jumba la mimea iliyokaushwa la Nairobi, alitumia miaka mingi kuchambua familia ya ubani na manemane, miti inayolijua jua la Mandera na Wajir kuliko kiumbe kingine chochote. Lakini ukilinganisha na Shimba au mlima Kenya, waliotembea hapa wakiwa na jicho la maua ni wachache. Pengo kwenye ramani ya mimea mara nyingi ni pengo la watembeaji.

Hapa atainuka mtu na kuuliza swali la haki. Katika kaunti zinazoomba chakula cha msaada, kuzungumza habari za okidi si anasa ya walioshiba?

Swali hilo linadhani kwamba mfugaji huangalia nchi yake kama ghala la nyasi tu. Sivyo. Ubah, jina la wasichana wengi wa Kisomali, maana yake ni ua. Na mvulana aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Roble. Washairi wa Kisomali wameisifu gu' kwa vizazi, na sifa hizo hazikutoka matumboni peke yake. Isitoshe, mfugaji huyasoma maua. Mgunga unaoitwa bilcil, ambao jina lake la kisayansi lina maana ya mleta asali, hutoa maua meupe mwishoni mwa kiangazi, kabla tone halijadondoka, na nyuki huujaa. Mti wa garas una sifa ya kinyume: huzaa sana wakati wa ukame, mbegu zake zimewahi kuokoa watu kwenye njaa, na wazee wakiuona umebeba kupita kiasi huanza kupunguza mifugo mapema. Ua kwa watu hawa ni uzuri na ni taarifa kwa pamoja. Anayetenganisha mambo hayo mawili ni mgeni.

Anasa, kama tunaitafuta, iko kwenye bustani za mijini. Tazama waridi la jangwani, ule mmea wenye shina nono kama chupa na maua mekundu ya waridi, ambao huchanua jilaal ikiwa imepamba moto na tawi halina jani hata moja. Peter Forsskål, mtaalamu wa Kiswidi, aliuandika akiwa Yemen na kufia huko kwa malaria mwaka 1763. Utomvu wake ni sumu, umetumika kupaka mishale, na mbuzi wa Garissa wanaotafuna hata katoni huupita mbali. Sumu imeuokoa na mbuzi lakini haikuuokoa na binadamu. Mmea wenye shina nene unaotamaniwa na wenye bustani ni ule wenye umri mkubwa, na njia fupi ya kupata mmea wa miaka mingi ni kuuchimba porini. Mwenye kununua mmoja kando ya barabara hana budi kuuliza: huu umepandwa kwa mbegu au umeng'olewa? Unaota vizuri kwa mbegu. Hakuna udhuru.

Kwa okidi jambo hili ni zito zaidi. Mbegu ya okidi ni vumbi. Haina chakula ndani yake, na haioti porini mpaka ikutane na kuvu maalumu wa kuilisha. Okidi iliyong'olewa Boni na kufungwa kwa waya kwenye mwembe wa mtu Garissa mjini imetengwa na udongo, kuvu na wadudu wake, na mara nyingi hunyauka kimyakimya baada ya msimu mmoja. Familia nzima ya okidi imo kwenye orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao Kenya ni mwanachama, na okidi-chui imewekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kutokana na kukatwa miti na kuvunwa kwa ajili ya biashara.

Tanzania wana kisa cha kujifunza. Uwanda wa Kitulo, katika Nyanda za Juu Kusini, wenyeji huuita Bustani ya Mungu, na mwaka 2005 ulifanywa hifadhi ya taifa, ukisifika kwa kulindwa hasa kwa sababu ya maua yake. Mvua zikifika, uwanda hufunikwa na okidi za ardhini. Kilichosukuma watu kuchukua hatua ni biashara: viazi vya okidi vilichimbwa kwa magunia na kuvushwa Zambia, ambako hupikwa chikanda, chakula kinachokatwa vipande kama mkate. Kitulo leo ina wageni wanaolipa kuona ua likiwa palepale lilipoota. Ni sehemu ya baridi, ya juu, tofauti kabisa na Garissa. Lakini hoja ya msingi ni ile ile, kwamba ua linaweza kuwa sababu ya mtu kufunga safari.

Na asiyeamini kwamba nchi kavu inaweza kufanya hivyo aulize habari za Namaqualand, Afrika Kusini, ambako kila Agosti na Septemba barabara za vumbi hujaa magari ya watu waliofuata maua yaliyoletwa na mvua chache za baridi. Hawaendi kuona simba. Wanakaa kwenye nyumba za wageni za miji midogo, wanakula, wanalipa, wanapiga picha, wanarudi.

Garissa haiko mbali na Nairobi. Ni kilomita zipatazo 370 za lami. Iko hifadhi ya twiga ya Bour-Algi, nje kidogo ya mji. Iko Ishaqbini huko Ijara, ambako jamii imetenga ardhi yake kwa ajili ya hirola, swala adimu asiyezidi mia chache duniani, na mwaka 2012 ikawekea baadhi yao uzio. Kaunti hutangaza vivutio hivi kwa picha za wanyama. Kalenda ya maua haimo. Kuitengeneza hakuhitaji hoteli wala mwekezaji. Kunahitaji vijana wawili watatu wa kila kata wenye simu, watakaoandika kipi kimechanua wapi na tarehe ngapi, kwa majina ya Kisomali kwanza na ya kisayansi baadaye. Baada ya gu' tano kaunti itakuwa na kitabu ambacho K1 haijawahi kuwa nacho.

Kazi hiyo ina haraka, kwa kuwa mathenge haungoji. Mti huo wa Amerika uliletwa nchi kavu za Kenya kuzuia jangwa katika miaka ya 1970 na 1980, na serikali yenyewe ikautangaza kuwa gugu haribifu mwaka 2008. Kandokando ya Tana umejipanga kama ukuta, na chini yake hakuna tunguu linalopata nafasi ya kupumua. Mkaa nao unakula migunga na miti mikubwa ambayo okidi huishikilia. Ukikata tawi la mti mmoja wa zamani umekata na kapu la mizizi lililojengwa kwa miaka mingi, pamoja na vumbi la mbegu ambalo lingetoka humo.

Anayetaka kuanza mwaka huu asingoje kitabu. Akae mjini, asikilize wenyeji wakisema mvua imepiga upande gani, ahesabu siku chache, kisha atafute mwenyeji wa kumwongoza na bodaboda ya kutoka nje ya mji saa kumi na moja jioni. Avae viatu vinavyofunika vidole, kwa sababu ya miiba na nge. Kwenye mchanga ulio wazi kati ya vichaka, jua likishagusa ardhi, ua jeupe jembamba liitwalo Pancratium huanza kufunguka, petali sita kama nyota, moja hapa, tatu pale, mpaka uwanja mzima umetapakaa weupe na nondo wameanza kufika. Kufikia saa nne asubuhi yatakuwa yamenyauka, na mbuzi watakuwa wanapita juu yake wakielekea majini.